Salio halilingani na vitabu: namna ya kupanga mfumo wa SACCOS unaotegemea hifadhidata

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninatengeneza mfumo wa mtandaoni wa SACCOS yetu hapa Tanzania, ina wanachama kama 800. Natumia PHP na MySQL. Nilianza na kurasa chache, sasa nina faili zaidi ya 60, na kila faili inajiunganishia yenyewe na hifadhidata na ina SQL yake (maagizo ya kuiuliza na kuiandikia hifadhidata). Kwenye jedwali la wanachama kuna safu ya salio. Mtu akiweka fedha naiongeza, akitoa naipunguza. Mwezi huu mhasibu amekuta wanachama wawili ambao salio lao kwenye mfumo halilingani na vitabu vyake. Rafiki mmoja ananishauri nihamie Laravel (kiunzi cha PHP, yaani msingi wa msimbo ulioandaliwa tayari), mwingine anasema nivunje mfumo uwe huduma ndogondogo zinazojitegemea. Malipo ya simu bado hatujaanza kupokea, ila yanakuja. Nipange vipi?"

Jibu:

Salama, ndugu yangu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake kuna mambo mawili: faili zilizotapakaa, na salio la watu wawili lisilolingana. La kwanza linakuchosha wewe peke yako. La pili linagusa akiba za watu, na mimi nitaanzia hapo, kwa sababu ukilitatua vizuri utaona mpangilio wa faili unajitokeza wenyewe.

Chukulia mwanachama ana shilingi 400,000. Yuko kaunta anatoa 300,000. Muda huohuo mtoto wake kamwekea 50,000 kwa karani wa dirisha la pili. Ukurasa wa kutoa unasoma salio: 400,000. Ukurasa wa kuweka nao unasoma: 400,000. Wa kwanza unapiga hesabu na kuandika 100,000. Wa pili nao umeshapiga hesabu yake, unaandika 450,000 juu yake. Mtu ameondoka na laki tatu taslimu, na mfumo unasema ana laki nne na nusu. Salio sahihi lilikuwa 150,000. Hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea, maana kila ukurasa umefanya ulichoagizwa. Wala huwezi kujua baadaye kilichotokea, kwa sababu safu ya salio inakumbuka namba ya mwisho tu.

Nina hakika karibu kabisa kwamba moja ya zile tofauti mbili za mhasibu wako ni ya namna hii, au ya ndugu yake wa karibu: karani amebonyeza "Hifadhi", intaneti ikawa nzito, akabonyeza tena, fedha zikaingia mara mbili. Laravel haizuii lolote kati ya hayo. Huduma ndogondogo nazo zingeyazidisha, na nitaeleza sababu huko chini.

Kwa hiyo jambo la kwanza: ondoa wazo kwamba salio ni kitu unachokibadilisha. Salio ni jumla ya yaliyotokea. Wahasibu wanalijua hili tangu zamani. Luca Pacioli alichapisha maelezo ya uandishi wa pande mbili huko Venice mwaka 1494, na mhasibu wako anafanya vilevile kila siku kwenye leja yake. Mfumo wako unatakiwa ufanane na leja ile, si na ubao unaoandikwa na kufutwa.

Unahitaji majedwali matatu ya msingi. `akaunti`, ambamo kila mwanachama ana akaunti yake ya akiba, ya hisa na ya mkopo, na SACCOS yenyewe ina akaunti ya fedha taslimu, ya benki, ya mapato ya riba na nyinginezo. `matukio`, ambamo kila jambo lililotokea lina mstari wake: nini, lini, nani ameliingiza, kwa kumbukumbu ipi. Na la tatu ni hili:

```
CREATE TABLE mistari_ya_leja (
  id BIGINT PRIMARY KEY AUTO_INCREMENT,
  tukio_id BIGINT NOT NULL,
  akaunti_id BIGINT NOT NULL,
  kiasi BIGINT NOT NULL CHECK (kiasi <> 0),
  FOREIGN KEY (tukio_id) REFERENCES matukio (id),
  FOREIGN KEY (akaunti_id) REFERENCES akaunti (id)
) ENGINE=InnoDB;
```

Mwanachama akiweka 50,000 kaunta, unaandika tukio moja na mistari miwili: fedha taslimu +50,000, akiba ya mwanachama −50,000. Debiti ni chanya, krediti ni hasi, na kwenye skrini ya mwanachama unageuza alama ili aone akiba yake kama namba ya kawaida. Mistari ya kila tukio lazima ijumlishe sifuri. Siku yoyote ukijumlisha jedwali zima na jibu lisiwe sifuri, umejua papo hapo kwamba kuna tatizo, na ukipanga kwa `tukio_id` unajua liko wapi.

Mstari ukishaandikwa haubadilishwi wala haufutwi. Karani akikosea akaandika 500,000 badala ya 50,000, unaandika tukio la kubatilisha lenye mistari ya kinyume, kisha tukio sahihi. Usiliache hili litegemee nidhamu ya watu. Mtumiaji wa hifadhidata ambaye programu yako inaingia kwa jina lake mpe haki za SELECT na INSERT tu kwenye jedwali hili, mnyime UPDATE na DELETE. Baada ya hapo hata ukurasa ulioandikwa vibaya usiku wa manane hauna uwezo wa kufuta historia ya akiba ya mtu.

Angalia pia aina ya data niliyoweka kwenye `kiasi`. Usitumie FLOAT wala DOUBLE kwa fedha: kompyuta inapojumlisha 0.1 na 0.2 kwa namna hiyo inapata 0.30000000000000004, na vipande hivyo hukusanyika kwenye riba za miezi mingi. Usitumie INT pia. INT ya kawaida inaishia 2,147,483,647, na kwa shilingi zetu hiyo ni bilioni mbili na kidogo, kiasi ambacho SACCOS ya watu 800 inaweza kukivuka kwenye akaunti moja ya jumla. BIGINT kwa kuhesabu senti, au DECIMAL(18,2) ukipenda kuona nukta. Chagua moja, uitumie kila mahali.

Hapa nakuomba ukague toleo la hifadhidata yako kabla ya kuamini masharti. MySQL ilikuwa ikipokea neno CHECK bila kulalamika na kulipuuza kabisa, mpaka toleo 8.0.16 la mwaka 2019. Kwa hiyo unaweza kuwa umeandika sharti na halifanyi kazi yoyote. Na kama unajaribia kwenye XAMPP, kile kifurushi cha kuendeshea PHP kwenye kompyuta yako, kilichomo ndani siku hizi ni MariaDB, ndugu wa MySQL, ambayo ilianza kutekeleza CHECK kuanzia toleo 10.2.1. Majedwali ya zamani ya aina ya MyISAM nayo hayana muamala (maagizo kadhaa yanayopita yote au kukataliwa yote pamoja) wala hayatekelezi ufunguo wa nje (sharti kwamba namba inayotajwa iwepo kwenye jedwali jingine). Andika `SHOW TABLE STATUS`, soma safu ya Engine. Kila jedwali lisilo la InnoDB, aina iliyo na vyote viwili, ligeuze. Kisha jaribu kwa makusudi kuingiza kiasi cha sifuri, au mstari wa akaunti isiyokuwepo. Hifadhidata ikikubali, masharti yako bado ni maandishi tu.

Nasisitiza masharti yakae kwenye hifadhidata kwa sababu moja. Kurasa zako zitaandikwa upya. Mwaka ujao kutakuwa na programu ya simu, mwaka wa kesho kutwa utaingiza wanachama kutoka Excel, siku moja mtu atafungua phpMyAdmin, ile zana ya kusimamia hifadhidata kwenye kivinjari, arekebishe kitu kwa mkono. Njia za kuingilia ni nyingi na zinaongezeka, data ni ileile. Sharti lililoandikwa kwenye ukurasa mmoja linalinda mlango mmoja. NOT NULL, UNIQUE, ufunguo wa nje na CHECK vinalinda nyumba nzima.

Jambo la pili ni kila taarifa kuwa na mahali pamoja. Wazo hili alilipa msingi wa kihesabu Edgar Codd alipokuwa IBM, kwenye andiko lake la mwaka 1970 lililozaa hifadhidata za majedwali tunazotumia leo. Pitia majedwali yako uone namba ya simu ya mwanachama iko mara ngapi: kwenye wanachama, kwenye mikopo, pengine kwenye wadhamini. Akibadilisha laini, utasasisha wapi? Iweke kwenye `wanachama` peke yake, kwingine weka `mwanachama_id`. Na iweke kama maandishi, kwa umbo moja tu la kimataifa, yaani 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa. Ukiihifadhi kama namba, sifuri ya mwanzo inapotea, halafu 0712, 712 na +255712 zinakuwa watu watatu tofauti siku malipo ya simu yatakapoanza kutafuta mwenyewe. Weka UNIQUE juu yake ikiwa kanuni zenu zinataka kila mwanachama awe na laini yake. Kama mume na mke wanachangia simu, hilo sharti usiliweke, uliza kwanza ofisini.

Ila usije ukaichukua kanuni hii kupita kiasi. Watu wengi wanaishika halafu wanaondoa riba kwenye mkopo kwa hoja kwamba riba tayari ipo kwenye jedwali la aina za mikopo. Mkutano mkuu ukishusha riba kutoka asilimia 18 hadi 15, mikopo yote ya zamani inabadilika usiku huohuo, na ripoti za mwaka jana zinatoa majibu mapya. Riba ya aina ya mkopo ni sera ya leo. Riba ya mkopo wa mtu ni makubaliano aliyotia saini tarehe fulani. Ni taarifa mbili tofauti hata kama namba inafanana, na zote mbili zinastahili safu zake. Vivyo hivyo kwa faini na ada ya kujiunga. Kila unapotaka kuondoa safu kwa kuiona ya marudio, jiulize: hii ikibadilika kule, nataka hapa ibadilike pia? Jibu likiwa hapana, iache.

Sasa twende kwenye faili zako 60. Mpangilio ninaokushauri una tabaka tatu tu, na wala hauhitaji majina makubwa. Juu kuna kurasa: zinapokea fomu, zinakagua kwamba mtu ameingia kwa jina lake, zinaonyesha majibu. Chini kuna hifadhidata na masharti yake. Katikati kuna kitu ambacho kwako hakipo kabisa, nacho ndicho kiini cha jibu langu: orodha fupi ya shughuli za SACCOS, kila shughuli kwenye funksheni moja, mahali pamoja. `wekaAkiba`, `toaAkiba`, `nunuaHisa`, `idhinishaMkopo`, `toaMkopo`, `pokeaRejesho`, `batilishaTukio`. Kaa na mhasibu wako mziandike kwa maneno yake. Sidhani kama zitazidi 20. Hakuna ukurasa unaoruhusiwa kugusa `mistari_ya_leja` bila kupitia mojawapo.

Utaambiwa kuhusu mpangilio wa data, mwonekano na kidhibiti (MVC), ambao Trygve Reenskaug wa Norway aliubuni mwaka 1979 akiwa Xerox PARC. Ni mpangilio mzuri, na viunzi vingi vya leo vimeufuata kwa namna yao. Lakini nimeona miradi mingi ambayo vidhibiti vyake vimejazwa hesabu za riba, SQL na utumaji wa ujumbe wa simu vyote pamoja, na hapo hali inakuwa ileile ya faili zako 60, ila folda zina majina mazuri. Kipimo changu ni hiki: je, `toaAkiba` inaweza kuitwa na ukurasa wa kaunta, na programu ya simu, na jaribio unaloendesha kwenye kompyuta yako bila kivinjari, ikatoa uamuzi uleule? Ikiwa ndani yake kuna `$_POST` au `echo`, bado haijakatwa vizuri.

Hii hapa kwa karibu, nimeipunguza ibaki mifupa:

```
function toaAkiba(PDO $db, int $akauntiId, int $kiasi,
                  string $kumbukumbu, int $karaniId): int {
  if ($kiasi <= 0) throw new KiasiBatili();
  $db->beginTransaction();
  try {
    fungaAkaunti($db, $akauntiId);
    if (salio($db, $akauntiId) < $kiasi) throw new SalioHalitoshi();
    $tukio = andikaTukio($db, 'kutoa', $kumbukumbu, $karaniId);
    andikaMstari($db, $tukio, $akauntiId, $kiasi);
    andikaMstari($db, $tukio, TASLIMU, -$kiasi);
    $db->commit();
    return $tukio;
  } catch (Throwable $e) {
    $db->rollBack();
    throw $e;
  }
}
```

`salio` inajumlisha mistari ya akaunti na kugeuza alama, ili akiba isomeke chanya. `fungaAkaunti` ni `SELECT id FROM akaunti WHERE id = ? FOR UPDATE`. Inakamata mstari wa akaunti hiyo. Karani mwingine akitaka kutoa kwenye akaunti ileile anasubiri sehemu ndogo ya sekunde mpaka wa kwanza amalize, na akiingia anakuta salio jipya. Mwanachama mwingine hasubirishwi. Zingatia mpangilio wa mistari: kufuli linatangulia kila kitu. Kwenye InnoDB, ngazi ya kawaida ya utengano (kanuni ya muamala mmoja kuona au kutoona kazi ya mwingine) inapiga picha ya data wakati wa SELECT ya kwanza ya kawaida ndani ya muamala. Ukisoma salio kwanza ndipo ufunge, utaendelea kuona picha ya zamani hata kama umepata kufuli, na lile tatizo la 450,000 linarudi huku msimbo wako ukionekana salama. Hili linawapita hata waliobobea.

Kati ya `beginTransaction` na `commit` usiweke kitu chochote kinachotoka nje ya seva: kutuma ujumbe wa simu, barua pepe, kuita mfumo wa benki. Mtandao ukikwama sekunde 30, akaunti inabaki imefungwa sekunde 30. Andika kwenye jedwali la `ujumbe_wa_kutuma` ndani ya muamala huohuo, halafu programu ndogo inayoendeshwa na cron, kipanga-ratiba cha seva, kila dakika ichukue na kutuma.

Ile `$kumbukumbu` ndiyo dawa ya kubonyeza mara mbili. Fomu ya kaunta inapofunguliwa, seva inaipa namba ya ombi isiyojirudia, imefichwa ndani ya fomu. Jedwali la `matukio` lina `UNIQUE (chanzo, kumbukumbu)`. Karani abonyeze mara tano, la kwanza linapita, manne yanakataliwa na hifadhidata yenyewe, na ukurasa unamwonyesha risiti ya lile lililopita. Usitegemee JavaScript kuzima kitufe. Inasaidia, ila si ulinzi.

Safu hiyohiyo itakuokoa malipo ya simu yakianza. Mitandao inapotuma taarifa ya malipo kwenye seva yako, na seva ikachelewa kujibu, taarifa ileile inaweza kutumwa tena. Huo ni utaratibu wa kawaida wa mifumo ya malipo, na jukumu la kutoingiza mara mbili ni lako. Namba ya muamala inayotoka kwenye mtandao wa simu ndiyo kumbukumbu yako. Taarifa ikifika, kwanza thibitisha kwamba imetoka kwa aliyestahili kuituma kwa njia ambayo mtandao huo umeeleza kwenye mwongozo wake. Kisha ihifadhi nzima kama ilivyo kwenye jedwali la taarifa ghafi, jibu kwamba umeipokea, ndipo uifanyie kazi kwa kuita `wekaAkiba` au `pokeaRejesho` zilezile za kaunta. Kutakuwa na malipo ambayo mwenyewe hajulikani, mtu amekosea namba ya uanachama. Yawekee akaunti yake kwenye leja, "malipo yasiyotambuliwa", ili fedha ziwe zimeingia vitabuni huku mnamtafuta mwenyewe. Na kila asubuhi linganisha jumla ya siku iliyopita na taarifa ya mtandao. Wekea kazi hiyo ukurasa wake, kwa kuwa mhasibu ataufungua kila siku.

Kuhusu huduma ndogondogo. Zina mahali pake, kwenye kampuni zenye timu nyingi ambazo haziwezi kusubiriana. Wewe ni mtu mmoja na hifadhidata moja, na hiyo ni nguvu yako kubwa: kutoa mkopo na kukata ada yake vinaingia au vinakataliwa pamoja, kwa `commit` moja. Ukitenganisha mikopo na akiba kwenye hifadhidata mbili, umeme ukikatika katikati, mkopo umetoka na ada haijakatwa, na `rollBack` ya huduma moja haiwezi kurudisha yaliyoandikwa na nyingine. Utalazimika kuandika kwa mkono kile ambacho InnoDB inakupa bure. Programu moja, hifadhidata moja, mgawanyo mzuri wa ndani. Wanachama 800, hata 20,000, hawatakulazimisha kubadili hilo.

Laravel, ndiyo, naiunga mkono, mradi uelewe inakupa nini. Inakupa njia moja ya kuunganisha na hifadhidata, kurasa zinazoingilia mlango mmoja, ulinzi wa fomu, na faili za mabadiliko ya muundo wa majedwali ambazo unaziweka kwenye Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo. Hili la mwisho pekee linatosha kuihalalisha: hakuna tena kuongeza safu kwa phpMyAdmin kwenye seva halisi halafu kusahau kwenye kompyuta yako. Django ya Python ingekupa hayohayo. Lakini kama bado hujaizoea, usijifunze kiunzi kipya na kuhamisha akiba za watu kwa wakati mmoja. Unaweza kuanza na PHP uliyonayo: folda ya `public` yenye `index.php` peke yake ndiyo ionekane mtandaoni, na faili nyingine zote, hasa ile yenye nenosiri la hifadhidata, zikae nje ya folda hiyo. Maagizo yote ya SQL yapitie `prepare` na alama za kuuliza, hakuna kuunganisha maandishi ya mtumiaji ndani ya SQL. Manenosiri yapitie `password_hash`.

Kasi isikutie wasiwasi. Najua utauliza: nitajumlisha mistari yote kila ninapoonyesha salio? Wanachama 800, kila mmoja na mistari minne kwa mwezi, ni mistari 38,400 kwa mwaka. Miaka kumi haifiki 400,000, na mwanachama mmoja ana mia chache tu. Faharasa kwenye `akaunti_id` inazifikia mara moja. InnoDB huitengeneza yenyewe kwa ufunguo wa nje. Kinachoua kasi ni ukurasa wa orodha unaosoma wanachama 800, halafu kwa kila mmoja unatuma SQL nyingine kutafuta salio lake: maagizo 801 kwa ukurasa mmoja. Andika moja lenye `SUM` na `GROUP BY`. Ikifika siku kweli jumla imekuwa nzito, weka jedwali la salio lililokokotolewa, lisasishwe ndani ya muamala uleule unaoandika mistari, na kila usiku lilinganishwe na leja. Leja ndiyo inayoaminiwa zikitofautiana.

Muda unahitaji uangalifu zaidi ya kasi. Seva nyingi za kukodi zimewekwa kwenye saa ya UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Malipo ya simu ya saa saba na nusu usiku, tarehe 1 Januari, kwa UTC ni saa 22:30 ya tarehe 31 Desemba. Ripoti ya mwaka ikichujwa bila kulizingatia hili, fedha za mwaka mpya zinaingia mwaka wa zamani. Hifadhi muda wa tukio kwa UTC, na kando yake weka safu ya `tarehe_ya_kitabu` ya aina ya DATE, kwa saa ya Afrika Mashariki; ripoti za mhasibu zisome hiyo. Tarehe za marejesho ziwe DATE pia, kamwe zisiwe TIMESTAMP, maana TIMESTAMP ya MySQL inaishia tarehe 19 Januari 2038 na mkopo mrefu wa nyumba unaweza kuifikia. Mwezi ukishafungwa na mhasibu, `andikaTukio` ikatae tarehe ya kitabu iliyo ndani ya mwezi huo.

Mkopo uwe na safu mbili, `aliyeomba` na `aliyeidhinisha`, zikiwa na CHECK kwamba hazifanani. Kila karani awe na jina lake la kuingilia. Na kwa kuwa unashika majina, simu na namba za vitambulisho vya watu, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inawahusu ninyi pia.

Sasa kuhama. Usiandike kila kitu upya. Chagueni tarehe na mhasibu, bora mwisho wa mwezi. Kabla ya siku hiyo tengeneza majedwali mapya na funksheni nne za mwanzo: kuweka, kutoa, kupokea rejesho na kubatilisha. Siku yenyewe, jioni baada ya kufunga, chukua nakala rudufu ya hifadhidata nzima kwa `mysqldump --single-transaction`, irudishe kwenye kompyuta nyingine uone inafunguka. Kisha kila mwanachama aandikiwe tukio la "salio la kuanzia" kwa namba ambayo mhasibu amethibitisha kutoka vitabuni, siyo ile ya safu ya zamani. Zinapotofautiana, orodhesheni tofauti zote kwenye karatasi na bodi izitie saini. Hao wawili watakuwemo, na pengine wengine ambao bado hamjawaona. Asubuhi yake, zile kurasa chache zinazogusa fedha ziite funksheni mpya. Safu ya salio ya zamani ibadilishe jina iwe `salio_la_zamani`, ili ukurasa wowote uliousahau uvunjike mbele ya macho yako badala ya kuendelea kuandika kimyakimya. Kurasa za ripoti na za taarifa za wanachama zinaweza kusubiri, uzihamishe moja moja kadiri unavyopata nafasi.

Ukifika kwenye mikopo yenye riba inayopungua na salio, ambayo ni ngumu zaidi kuianzishia leja kuliko akiba, nitumie muundo wa majedwali yako na mfano mmoja wa ratiba ya marejesho, bila majina wala namba za watu, tuiangalie pamoja.